Waendako Mbayuwayu

Katika mambo ambayo mwanadamu ameyatafuta kwa miaka mingi, yako yaliyofichwa mbali, chini ya bahari au katika ncha za dunia. Na yako yaliyokuwa mbele ya macho yake kila siku, lakini hakuyaelewa kwa kuwa aliona nusu yake tu. Safari za ndege ni katika hayo ya pili. Habari nitakayokusimulia, msomaji, ni habari ya swali moja lililowashinda wenye hekima kwa zaidi ya miaka elfu mbili, nalo ni hili: mbayuwayu huenda wapi?

Tazama juu ya nyaya za simu au za umeme katika mwezi wa Oktoba au Novemba, wakati wa mvua za vuli. Utaona mbayuwayu wengi wamepangana mstari mmoja kama wanafunzi katika gwaride. Wengine ni wenyeji wa nchi yetu mwaka mzima, lakini aghalabu wengi wao ni wageni. Mgeni utamjua kwa paji la uso na koo lenye rangi ya kutu, mshipi wa buluu iliyokoza kifuani, na mkia uliogawanyika panda mbili. Atakaa nasi, atakula wadudu wa mashamba yetu, kisha ifikapo Machi au Aprili, mvua za masika zianzapo, hutamwona tena.

Sasa fikiri juu ya mtoto wa umri wako akaaye katika kijiji cha Uingereza. Yeye huwaona ndege hao hao, lakini kwa majira mengine. Wakati wa baridi kali hana mbayuwayu hata mmoja. Mwezi wa Aprili, katika majira ya machipuo, miti iliyokuwa mitupu inapoanza kuvaa majani, mbayuwayu hutokea angani kwa ghafula, hujenga viota vyao vya udongo katika mabanda ya ng'ombe, hulea makinda, na mwezi wa Septemba au Oktoba hutoweka. Mtoto wa huko ana nusu ya habari, nawe una nusu yake ya pili. Kwa karne nyingi nusu hizo mbili hazikukutana.

Kwa kuwa hazikukutana, watu wa Ulaya walijaza pengo kwa kukisia. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alijua vema kwamba korongo wa aina fulani husafiri nchi za mbali. Lakini juu ya mbayuwayu aliandika kwamba wengine hujificha katika mashimo wakati wa baridi, wakiwa wamepukutika manyoya. Tena alidhani ya kuwa ndege wa aina moja aweza kugeuka akawa wa aina nyingine majira yanapobadilika. Maneno yake yaliheshimiwa mno, na kwa sababu ya heshima hiyo watu wengi hawakujisumbua kwenda kutazama.

Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uswidi, alichapisha mjini Roma kitabu juu ya nchi za kaskazini. Ndani yake mna picha ya wavuvi wakivuta wavu kutoka chini ya barafu, na wavuni mna samaki pamoja na mbayuwayu. Aliamini kwamba ndege hao hulala chini ya maji mpaka baridi ipite. Usicheke upesi, msomaji. Kabla ya kuondoka, mbayuwayu hukusanyika jioni kwa maelfu na kulala katika matete ya kandokando ya maziwa. Mtu aliwaona magharibi wakishuka matetemi juu ya maji. Baada ya siku chache hakuona hata mmoja. Macho yake hayakumdanganya. Kilichomdanganya ni haraka ya kutoa hukumu. Katika karne ya 17 alikuwako hata Mwingereza msomi, Charles Morton, aliyedai kwamba ndege wasafirio huenda mwezini!

Dhana hizo hazikuondolewa na mtu mmoja kwa siku moja. Ziliondolewa kidogo kidogo na watu waliokubali kufanya kazi isiyo na sifa: kutoka nje, kutazama, na kuandika tarehe. Mmoja wao alikuwa Robert Marsham, mwenye shamba katika jimbo la Norfolk. Tangu mwaka 1736 aliandika dalili za majira ya machipuo: siku ua la kwanza lilipochanua, siku mti fulani ulipotoa majani, siku chura wa kwanza alipolia, siku mbayuwayu wa kwanza alipoonekana. Alifanya hivyo mwaka hata mwaka kwa muda wa miaka sitini hivi. Alipokufa, watoto na wajukuu wake waliishika kazi hiyo, wakaiendeleza mpaka mwaka 1958. Fikiri juu ya daftari lililoandikwa na ukoo mmoja kwa zaidi ya karne mbili. Leo wataalamu wanaotaka kujua kama hali ya hewa ya dunia imebadilika hulisoma daftari hilo kama ushahidi, ingawa Marsham mwenyewe hakufikiri juu ya jambo hilo hata kidogo.

Rafiki yake kwa barua alikuwa Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne, aliyezaliwa mwaka 1720. White hakusafiri sana. Dunia yake ilikuwa vilima, mashamba na vijia vya kijiji chake. Lakini alivipita vijia hivyo akisikiliza. Kwa kusikiliza tu aligundua kwamba vijindege vitatu vilivyodhaniwa kuwa aina moja, kwa kuwa vinafanana sana kwa umbo na rangi, kwa kweli ni aina tatu, maana kila kimoja kina wimbo wake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1789, nacho kinasomwa mpaka leo. Hata hivyo White huyo, mtu makini kuliko wengi, hakuweza kuiacha kabisa dhana ya kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha karibu wakati wa baridi. Kwa nini? Kwa sababu kutazama mahali pamoja, hata kwa bidii namna gani, hakuwezi kumwonyesha mtu yanayotendeka mahali pengine. Ilihitajiwa habari kutoka upande wa pili.

Habari ya kwanza ilifika kwa njia ya ajabu. Mwaka 1822, katika majira ya machipuo, korongo mweupe alipigwa risasi karibu na mji wa Klütz, kaskazini ya Ujerumani. Waliomwokota walishangaa kuona kwamba mkuki wa urefu wa sentimita 80 hivi ulikuwa umempenya shingoni, naye aliruka nao hivyo mpaka huko. Wenye maarifa waliuchunguza, wakatambua kwamba ni mkuki wa Afrika. Korongo huyo alikaushwa na kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Baadaye walionekana wengine waliochomwa vivyo hivyo, hata Wajerumani wakawapa jina lao, yaani korongo wa mshale.

Tafakari jambo hili. Wenye hekima walibishana kwa karne nyingi kama ndege hulala matopeni au huenda mwezini. Na aliyewajibu ni mwindaji wa Kiafrika ambaye jina lake halikuandikwa popote. Yeye hakukusudia kumjibu mtu yeyote; alitaka kitoweo. Lakini mkuki wake ulikuwa kama barua iliyovuka jangwa na bahari, yenye neno moja tu: "Alikuwa huku." Hapana shaka kwamba kwake yeye kuwako kwa korongo katika nchi yake halikuwa fumbo. Fumbo lilikuwa la wale walioona nusu nyingine.

Lakini elimu haiwezi kutegemea mikuki. Ilihitajiwa barua isiyomjeruhi mchukuzi wake. Aliyeitengeneza vema alikuwa mwalimu wa shule, Mdenmark, jina lake Hans Christian Mortensen, wa mji wa Viborg. Alianza mwaka 1890 kwa pete za zinki, lakini aliona kuwa ni nzito, zinawasumbua ndege, akaziacha. Hakukata tamaa. Mwaka 1899 alitengeneza pete nyepesi za aluminiamu, akaandika juu yake namba na jina la mji wake, akawafunga miguuni kwezi 165, kisha akawaachilia waende zao. Kila atakayempata ndege huyo, popote pale, angeweza kusoma na kupeleka habari. Hakuwa na maabara wala fedha nyingi. Alikuwa na subira, na mikono miepesi ya mtu aliyezoea kazi ndogo ndogo.

Mfano wake uliigwa upesi. Mwaka 1901 Johannes Thienemann alifungua kituo cha ndege huko Rossitten, katika pwani ya Bahari ya Baltiki, na miaka michache baadaye akaanza kuwatia ndege pete, miongoni mwao korongo. Majibu yalipokusanyika, njia za korongo zilionekana wazi. Korongo hapendi kupiga mabawa mwendo mrefu. Hupanda juu ya hewa yenye joto itokayo ardhini, kisha huteleza kutoka mlima mmoja wa hewa hata mwingine. Hewa ya namna hiyo haipatikani vema juu ya bahari. Kwa hiyo korongo wa Ulaya ya magharibi huvukia Gibraltar, ambako bahari ni nyembamba. Na wale wa mashariki hupita Istanbul, nchi za Shamu na Misri, kisha hufuata upande wa Nili, wakaja Afrika ya Mashariki, na wengine huendelea mpaka kusini kabisa.

Na mbayuwayu je? Mwezi wa Mei mwaka 1911, mtu mmoja aitwaye Masefield alimtia pete mbayuwayu aliyejenga kiota nyumbani kwake katika jimbo la Staffordshire, Uingereza. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 barua iliandikwa Natal, Afrika ya Kusini, kwenda London. Mwandishi wake alieleza kwamba mbayuwayu mwenye pete amekamatwa ndani ya nyumba ya shamba, akaitaja namba yake. Ilikuwa pete ile ile. Ndege asiyezidi uzito wa gramu 20 hivi alikuwa amekwenda mwendo wa kilomita kama 10,000. Tena, kwa kuwa miezi kumi na tisa ilikuwa imepita, yamkini alikwisha kwenda, kurudi na kwenda tena. Siku hiyo nusu mbili za habari zilikutana. Mbayuwayu hawalali chini ya barafu. Huja kwetu.

Nasi huku tulifanya nini? Wenyeji wa pwani hawakuhitaji kufundishwa kwamba safari ndefu hufuata majira. Kwa karne nyingi waliviona vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vikija kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Na ndege wageni nao huwa kwetu wakati wa kaskazi, na huondoka kusi iingiapo. Ama uchunguzi wa kuandikwa ulianza pole pole. Mwaka 1909 palianzishwa mjini Nairobi chama cha wapenda viumbe, ambacho leo chajulikana kwa jina la Nature Kenya, na kutokana na chama hicho ikapatikana nyumba ya makumbusho. Tangu mwaka 1971 Fleur Ng'weno aliongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yakianzia kwenye Makumbusho ya Nairobi. Na matembezi hayo yalitimiza miaka 50 mwaka 2021. Walioyahudhuria hawakuwa wataalamu tu. Walikuwamo vijana waliofika hawajui kumtofautisha mwewe na tai, nao baadaye wakawa viongozi wa wageni na walinzi wa misitu.

Lakini mahali palipoitia Kenya katika historia hii ni Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Mwaka 1969 hoteli ilifunguliwa huko juu ya ukingo wa mlima, na taa kali zikawashwa usiku ili wageni wapate kuwaona wanyama. Ikaonekana jambo lisilotazamiwa. Katika usiku wa ukungu usio na mbaamwezi, miezi ya Novemba na Desemba, ndege wadogo wasafirio gizani hupotewa na njia, hushuka kwa maelfu kuelekea mwanga. Tangu mwaka huo huo wachunguzi walikwenda huko mwaka baada ya mwaka, wakiwanasa kwa nyavu laini, wakiwatia pete na kuwaachilia. Ndege waliotiwa pete hapo wamefikia mamia ya maelfu, na baadhi yao wamepatikana tena Ulaya na Asia ya magharibi. Hivyo Kenya, iliyokuwa nchi ya kupokea barua, ikawa nchi ya kuziandika.

Miongoni mwa wageni wa Ngulia yuko kijindege wa rangi ya hudhurungi, asiye na pambo lolote, apendaye vichaka na majani marefu ya mahali penye unyevu. Ukimwona hutamgeukia mara ya pili. Lakini huko Ulaya, katika majira ya machipuo, yeye ni mwimbaji mashuhuri, kwa maana huiga sauti za ndege wengine. Françoise Dowsett-Lemaire, mtaalamu aliyezijua sauti za ndege wa Ulaya na za Afrika pia, aliusikiliza wimbo wake kwa makini huko Ubelgiji, na mwaka 1979 alitangaza aliyoyapata: kila dume huiga, kwa wastani, sauti za aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Kinda huyo huzaliwa Ulaya, huondoka akiwa bado mchanga, na nyingi za sauti zake huzijifunza akiwa safarini na akiwa huku kwetu. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliketi bustanini mwao wakisikia sauti za ndege wa Afrika, wala hawakujua wanachokisikia. Jibu la swali lao liliimbwa masikioni mwao kila mwaka.

Siku hizi pete imepata msaidizi. Vyombo vidogo mno hufungwa mgongoni mwa ndege, na satelaiti hupokea habari zake. Mwaka 2019 kekeo mmoja alifungwa chombo cha namna hiyo nchini Mongolia. Alikaa Zambia wakati wa baridi ya kwao. Na katika machipuo ya mwaka 2020 watu wa mataifa mengi walimfuata siku kwa siku alipopita Kenya, akavuka Bahari ya Hindi mpaka Bara Hindi, akarudi Mongolia. Wakati huo watu wengi walikuwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya maradhi ya korona. Ndege huyo hakuulizwa hati ya kusafiria mpakani.

Sasa waweza kuniuliza: "Mwalimu, yatufaa nini kujua waendako mbayuwayu?" Nitakujibu kwa visa viwili.

Katika machipuo ya mwaka 1969 watazamaji wa ndege nchini Uingereza walitoka kama desturi yao kusikiliza vichakani. Mojawapo ya ndege waliozoeleka sana, mwenye koo jeupe, alikuwa amepungua kwa kiasi cha robo tatu. Walitafuta sababu nyumbani kwao, wasiione. Vichaka vilikuwapo, na mashamba hayakuwa yamebadilika kwa mwaka mmoja. Sababu ilikuwa Afrika: ukame ulikuwa umeikumba nchi ya Sahel, kusini ya Sahara, ambako ndege hao hukaa wakati wa baridi, nao walikufa kwa njaa. Ukame ule ule ulikuja kuwaangamiza ng'ombe na watu pia. Tazama basi: kimya cha kichaka cha Uingereza kilikuwa habari ya msiba wa Sahel.

Kisa cha pili ni cha kozi wa Amur, ndege mwindaji mdogo azaliwaye mashariki ya mbali ya Asia, apitaye Bara Hindi, avukaye bahari na kutufikia huku katika safari yake ya kwenda kusini ya Afrika. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba huko Nagaland, kaskazini mashariki ya Bara Hindi, makumi ya maelfu ya kozi hao yalikuwa yakinaswa kwa nyavu na kuuzwa kama nyama. Wanakijiji walielezwa kwamba ndege hao si mali ya bonde lao peke yake. Wanatazamiwa katika nchi nyingine nyingi. Mwaka 2013 uwindaji ule ulikomeshwa, na waliokuwa wawindaji wakawa walinzi. Kama kozi akiruka juu ya Tsavo mwezi wa Desemba, anaruka kwa sababu wanakijiji wasiotujua walikubali kuacha faida yao. Nasi je, tutawatendea nini ndege wanaotazamiwa na wengine? Tukikausha vinamasi vyetu, tukimwaga dawa za sumu mashambani bila kiasi, tukikata msitu wa mwisho wa tarafa yetu, hasara haitaishia mipakani mwetu.

Basi, msomaji wangu, kazi hii haikufungwa, na mlango wake haulindwi na wakubwa. Umesoma kwamba waliolijibu swali hili ni mwenye shamba aliyependa kuandika tarehe, kasisi wa kijiji, mwindaji asiye na jina, na mwalimu wa shule mwenye pete za aluminiamu. Wewe pia waweza kununua daftari moja. Andika siku utakayomwona mbayuwayu mgeni wa kwanza baada ya kiangazi, na siku utakayomwona wa mwisho kabla ya masika. Andika mahali, andika saa, andika idadi. Na usilolijua kwa hakika usiliandike kama umelijua. Mwaka wa kwanza daftari lako litakuwa mchezo. Mwaka wa kumi litakuwa ushahidi. Na ukimkabidhi mdogo wako alishike baada yako, yamkini siku moja mtu atakayelifungua atapata humo jibu la swali ambalo leo hakuna aliyefikiri kuliuliza.